Mkonga unapunguza oili ya transfa, giaboksi inafurika

Dereva_wa_Karatu
Wakubwa shikamooni. Nina mkonga, Land Cruiser ya injini ya 1HZ, gia za mkono, inapiga kazi ya watalii Ngorongoro na Serengeti kwahiyo vumbi na makorongo ndo maisha yake. Juzi tumecheki oili za chini, transfa (lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) imepungua sana ila pale chini haijadondosha kihivyo, ni unyevu tu kwenye flenji ya propela ya nyuma, pale shafti ya kwenda tairi za nyuma inapofungwa kwenye transfa. Tukafungua nati ya kupimia ya giaboksi aisee oili ikaanza kumwagika yenyewe, na mimi sijaongeza hata tone. Fundi anasema tushushe kila kitu tubadili sili zote (zile mpira za kuzuia oili isivuje) na beringi zote. Hela hiyo kwa sasa ni mtihani. Mnanishaurije?

fundi_wa_majengo
Marahaba. Oili yako haijapotea mkuu, imehama. Giaboksi na transfa za hizo gari zimefungwa pamoja, katikati pale shafti inapopita kuna sili inayotenganisha nyumba mbili, ikichoka oili inavuka upande wa pili na chini huoni kitu. Wengi wanaendelea kuongeza transfa kila wiki huku giaboksi inazidi kujaa, mwisho inaanza kutema kwenye sili zake nyingine na transfa inasaga gia kavu, hapo ndo gharama inakuwa gharama kweli.

Kabla hujashusha chochote angalia briza. Ni kile kipumulio juu ya transfa, mara nyingi kina mpira unaopanda juu. Kikiziba tope, transfa ikipata moto hewa haina pa kutokea, presha inasukuma oili kwenye sili hata kama sili ni nzima. Toa mpira, puliza, kama hewa haipiti safisha au badili, hiyo ni kazi ya muda mfupi na haina gharama. Halafu weka level sawa pande zote mbili, gari ikiwa sehemu tambarare, oili ifike kwenye mdomo wa tundu la kupimia, ingiza kidole kidogo utaigusa. Tembea safari moja upime tena. Ikihama tena na briza iko safi, basi sili ya katikati imekufa na hapo transfa lazima ishuke, hakuna njia ya mkato na silikoni ya kupaka kwa nje haisaidii kitu.

Bibi_Fowili
Naongezea hapo kwa fundi. Ukienda kumwaga oili anza kufungua nati ya JUU ya kujazia kabla ya ile ya chini, maana ukishamwaga halafu ya juu ikagoma umebaki na gari isiyo na oili porini. Mwaga ikiwa ya uvuguvugu inatoka vizuri na uchafu wake. Iangalie kwa makini ikitoka, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, na hilo linatokea sana kwa nyie mnaovuka mito, transfa ina moto inapoa ghafla kwenye maji inavuta ndani kupitia briza au sili iliyochoka. Hiyo haisubiri kilomita, unabadili mara moja. Uji mweusi laini kwenye nati ni kawaida, vipande vya chuma siyo kawaida kabisa. Kwenye kazi kama yako mimi ningebadili kila kilomita 20,000 bila kubishana.

kijana_wa_Moshi
Samahani naingilia, oili ya gia ya 75W-90 wanayoweka kwenye hizi Land Cruiser inaenda kwenye transfa ya gari yoyote?

fundi_wa_majengo
Hapana kijana. Land Cruiser za zamani za gia za mkono sawa, ila kuna transfa nyingi za Jeep zinakula ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), na Prado za 150 zina oili yake nyepesi ya 75W. Soma kitabu cha gari usifuate anachokwambia muuza duka.

Dereva, huo unyevu wa flenji ya nyuma nao usiuache. Kabla ya kununua sili shika flenji uitikise juu chini, ikicheza beringi imechoka na sili mpya itavuja tena muda si mrefu. Weka alama kwenye propela kabla ya kufungua ili irudi vilevile. Ukishatoa flenji pitisha ukucha pale sili inapokaa, ukisikia mfereji flenji imelika, ibadili au sili ikae mbele kidogo isiguse mfereji. Mdomo wa sili upake grisi, igonge na bomba linaloenea mzunguko wake wote, siyo bisibisi upande mmoja, wanaziua hapohapo wakati wa kufunga.

Dereva_wa_Karatu
Nashukuru sana wakubwa. Briza nimefungua, tope limekauka ndani, hewa haipiti kabisa! Nimesafisha, level nimeweka sawa, kesho naingia Ndutu. Je nikija kununua hiyo sili ya katikati dukani naitajaje nisipewe nyingine?

fundi_wa_majengo
Nenda na namba ya chasisi. Na sili ya zamani ikitoka usiitupe, vipimo vimeandikwa usoni kwake, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, linganisha hapohapo dukani kabla hujalipa.