Kwa nini stesheni iliyofungwa inapendeza kuliko inayotumika?

Mkaazi wa Queens:
Habari zenu wanajukwaa. Juma lililopita nilibaki ndani ya treni namba 6 ya chini ya ardhi ya New York baada ya wenzangu kuteremka stesheni ya mwisho, Brooklyn Bridge, na ilipozunguka ili kurudi kaskazini nikaiona dirishani stesheni ya kale ya City Hall, iliyofungwa tangu tarehe 31 Desemba 1945, ikiwa bado na matao ya vigae na taa zake za shaba. Kisha nikaingia stesheni ya Chambers Street, hatua chache tu kutoka hapo, nikakuta vigae vimebanduka na kuta zina michirizi ya maji. Inakuwaje ile iliyoachwa ipendeze, na hii inayohudumia abiria kila siku ichakae?

Mwashi Mstaafu:
Ndugu, sababu ya kwanza imo katika ujenzi wenyewe. Paa la City Hall, iliyofunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, lilijengwa kwa mtindo wa mjenzi Rafael Guastavino, ambapo vigae vyembamba hupangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa saruji mpaka vikawa ganda moja linalojibeba. Pale kigae ndicho paa. Kule Chambers Street kigae kimebandikwa tu ukutani, kwa hiyo maji yakipenya nyuma yake, kinachokishika hulegea nacho kikadondoka.

Bi. Rukia:
Naomba kutofautiana nawe kidogo, mzee wangu. Stesheni ya 181st Street, ya mwaka 1906, nayo ina dari ya tao la matofali, lakini tarehe 16 Agosti 2009 kipande cha dari hiyo kiliangukia reli. Ni bahati kwamba hakuna aliyeumia. Mimi naona fedha hufuata abiria. Chambers Street ilijengwa kubwa mno mwaka 1913, chini ya jengo la ofisi za manispaa, ili ipokee treni zinazovuka madaraja kutoka Brooklyn. Mwaka 1967 treni za daraja la Manhattan Bridge zikapelekwa njia nyingine, na baadhi ya majukwaa yake hayatumiki tena. Nani atakuwa mwepesi wa kukarabati ukumbi ulio nusu mtupu?

Mwashi Mstaafu:
Hoja ya 181st Street naikubali, mwanangu, kwani hata tao zuri halistahimili maji ya miaka mia. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa kazi: kwanza atafutwe anakopitia adui huyo, yaani maji, nyufa zijazwe, ukuta uachwe ukauke, ndipo vigae virudishwe. Anayeanza na vigae atavibandika tena baada ya miaka michache. Tatizo ni kwamba treni za New York hutembea saa 24, hivyo mafundi hupewa usiku au mwisho wa juma, na kabla hawajamaliza kupanga zana zao muda umekwisha.

Mkaazi wa Queens:
Nashukuru nyote wawili. Je, City Hall mtu anaweza kuingia kwa miguu?

Bi. Rukia:
Ndiyo, kwa ziara za jumba la makumbusho ya usafiri la New York, ambazo huwa za wanachama wake.