Kikundi cha Familia, Makorora: habari za mjukuu njiti

Shangazi Mwanaidi: Asalaam alaykum. Natoka hospitali ya Bombo sasa hivi. Zuhura hajambo. Mtoto bado yuko wodi ya njiti, kilo moja na robo, anapewa maziwa kwa mrija wa puani. Tuzidishe dua.

Mjomba Kassim: Waalaykum salaam. Mungu amkuze. Mimba ilikuwa ya wiki ngapi?

Shangazi Mwanaidi: Thelathini.

Idrisa London: Shikamooni wakubwa. Huku kuna njiti wanapewa matone ya probayotiki, bakteria wazuri wa tumboni. Yanazuia ule ugonjwa wa utumbo unaoua njiti. Kuna jamaa anakuja Tanga Ijumaa, nimpe chupa?

Bibi Mwanatumu: Hao si ndio bakteria wa kwenye mtindi? Mtindi Tanga umejaa tele. Aonjeshwe kidogo tu kwenye ncha ya kijiko.

Saumu Nesi: Shikamoo bibi. Nakuomba kwa heshima zote, mtindi usimkaribie mtoto. Yale ni maziwa ya ng'ombe, utumbo wake hauwezi. Na Idrisa, usitume kwanza.

Idrisa London: Lakini dada, si utafiti umeonyesha yanasaidia?

Saumu Nesi: Umeonyesha, sikatai. Ngoja niandike kwa kirefu maana jambo lenyewe zito.

Utumbo wa njiti haujakomaa, ngozi yake ya ndani ni nyembamba. Bakteria wabaya wakitangulia kukaa mle, utumbo unavimba na sehemu yake inaweza kufa. Tumbo linajaa, anatapika kijani, kinyesi kinatoka na damu. Nimewaona, na ugonjwa huu hauna subira, unakwenda kwa saa. Ndiyo maana watu wakafikiria kuwatanguliza bakteria wazuri. Australia na New Zealand walijaribu kwa watoto 1,099, matokeo yakatoka 2013: waliopata ugonjwa walishuka kutoka asilimia 4.4 hadi 2. Uingereza nao wakajaribu kwa zaidi ya watoto 1,300, bakteria wa aina nyingine, 2016 wakasema hawakuona faida. Kwa hiyo aina ya bakteria ina maana, huwezi kuokota chupa yoyote dukani.

Mjomba Kassim: Na madhara je?

Saumu Nesi: Bakteria wale ni hai, mjomba. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: njiti wa chini ya kilo moja alipewa probayotiki hospitalini, bakteria walewale wakaingia kwenye damu, akafariki. Ni nadra, lakini imetokea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema yanaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaotumia maziwa ya binadamu. Yanaweza kufikiriwa, na anayefikiria ni daktari wake. Sisi kazi yetu ni kumuuliza, tusimpenyezee mtoto kitu kwenye mrija.

Shangazi Mwanaidi: Nimeelewa. Kesho nitamuuliza daktari mbele ya Zuhura.

Zuhura: Nawasoma. Maziwa yenyewe yanatoka matone tu, jana nililia. Naona kama namnyima mwanangu.

Saumu Nesi: Mdogo wangu, hayo matone ya njano usimwage hata moja. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Kwenye maziwa yako kuna sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi, ni chakula cha hao hao bakteria wazuri. Idrisa anatafuta chupa, na wewe unao mwanzo wake kifuani. Kamua kila baada ya saa mbili au tatu, usiku usiruke. Yataongezeka.

Bibi Mwanatumu: Nitakuletea supu ya samaki na uji wa mtama, mwanangu. Usilie.

Saumu Nesi: Na kangaroo, Zuhura, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Muulize nesi wa zamu kama ameshakuwa tayari kuwekwa kifuani. Kuna utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka 2021: waliowekwa kifuani mapema bila kungoja watulie, walikufa 12 kati ya 100. Waliosubiri walikuwa karibu 16. Watoto wa uzito kama wa wetu kabisa.

Idrisa London: Basi nasitisha chupa. Hela yake naituma kwa shangazi, ya nauli na chakula cha Zuhura.

Shangazi Mwanaidi: Mungu akubariki. Zuhura hawezi kukaa na mtoto kifuani usiku na mchana peke yake, akalale saa ngapi? Mimi nitashika asubuhi.

Hamza (mume wa Zuhura): Mwanamume anaruhusiwa kumbeba?

Saumu Nesi: Anaruhusiwa sana, shemeji, wodi ikikukubalia. Oga, kata kucha, vua saa na pete, njoo na shati la vifungo. Ukiwa na mafua usije.

Hamza: Sina mafua. Nikitoka kazini saa kumi napitia nyumbani kuoga, saa kumi na moja nipo.