Hadithi fupi za kisayansi kwenye televisheni: tatizo ni kubadilishwa au kurefushwa?

Wadau, kila ikitoka tamthilia iliyochota hadithi fupi za kale za kisayansi, ugomvi ni uleule. Upande mmoja unataka hadithi iachwe kama ilivyoandikwa, wa pili unasema ya mwaka 1953 haitazamiki leo bila kukarabatiwa. Mimi nasema kinachoziua ni kurefushwa.

The Twilight Zone, tamthilia ya Marekani yenye hadithi mpya kila kipindi, ilianza 1959 kwa vipindi vya nusu saa, matangazo yakiwemo. Msimu wa nne, 1963, wakapewa saa nzima. Vilitoka vipindi 18, na msimu wa tano wakarudi nusu saa. Vitazameni vile 18: watu wanazungukazunguka, wanarudia waliyokwisha kusema, wakisubiri mwisho ufike.

Kisha tazameni "It's a Good Life" ya 1961, kutoka hadithi ya Jerome Bixby ya 1953. Rod Serling, mwanzilishi wa tamthilia hiyo aliyeandika kipindi hiki, alimwongezea mtoto umri, wa miaka mitatu akawa wa sita. Ni badiliko, ndiyo, lakini hofu haikuguswa: watu wazima wa kijiji kizima wanajilazimisha kuwaza mazuri tu, kwa kuwa mtoto anasoma mawazo na akichukia mtu, mtu huyo hayupo tena. Nusu saa, na hupati hata pa kuvuta pumzi.

Sasa Electric Dreams ya 2017, vipindi 10 vya karibu saa moja kila kimoja, vyote kutoka hadithi za Philip K. Dick. Katika "The Hanging Stranger" ya 1953, mtu anaona maiti ikining'inia kwenye nguzo ya taa na wapita njia hawajali, kumbe mji umetekwa na viumbe kutoka kwingine. Dee Rees, aliyeandika na kuongoza kipindi kilichotokana nayo, aliwaondoa viumbe hao. Mahali pao akaweka mwanasiasa anayetamka kwenye televisheni kwamba wengine wauawe, na hakuna anayeshtuka. Naitetea kwa moyo wote, maana inatisha kuliko ya kwanza: safari hii hakuna mgeni wa kumtupia lawama, ni binadamu wenyewe. Hata hivyo ningeikata robo saa.

Lakini "Sales Pitch" ya 1954 ilidhulumiwa. Roboti inayojinadi yenyewe inaingia nyumbani kwa mtu na haitoki mpaka inunuliwe! Leo, matangazo yanapotufuata kila tukigusa simu, hadithi hiyo ilikuwa imeiva tayari. Waliotengeneza "Crazy Diamond", kipindi cha Electric Dreams kilichotokana nayo, waliitupa, wakatunga jambo jingine kabisa. Hapo wanaolia kwamba hadithi zinaharibiwa wana haki, na mimi nalia nao.

Najua nitaambiwa mtazamaji anayelipia hataki kipindi kifupi. Mbona Love, Death & Robots ya 2019 ina vipindi vingi visivyofika dakika 20, vingi vikitokana na hadithi fupi, na watu waliipokea wakaomba misimu mingine? Hadithi iliyoandikwa isomwe kwa kikao kimoja ina pigo moja. Ukiitafutia wahusika wa pembeni na mapenzi ya kujazia muda, pigo linafika mtazamaji akiwa ameshachoka.

Kwa hiyo wale mnaotetea saa nzima, nitajieni kipindi kimoja tu ambacho ukikata dakika 20 za katikati, hadithi inaumia. Nitakitazama leo usiku na kesho nitarudi hapa kujibu.