Honda Fit haibridi iliyoitwa kiwandani mara tano: ninunue au nimsikilize kaka?

BintiKisauni
Asalaam aleikum jamani. Natafuta gari ndogo ya kupeleka watoto shule kisha mimi nivuke kazini mjini. Foleni ya daraja la Nyali mwaijua. Nimepata Fit haibridi ya 2014, mwenyewe anahamia bara na bei yake si mbaya. Sasa kaka yangu kasoma kwamba Fit hizo ziliitwa zikarekebishwe mara tano ndani ya mwaka mmoja hivi. Kaja juu: "Waliokosea mara tano, ya sita itakuangukia wewe." Ananisukuma nichukue Passo, ati Toyota ni Toyota. Hiyo habari ni kweli? Na wenye nazo mwasemaje?

FundiBondeni
Ni kweli dada. Toleo hilo lilitoka 2013, na shida kubwa ilikuwa giaboksi yake ya klachi mbili na programu inayoiendesha. Kufika Oktoba 2014 zimeshaitwa mara tano, hadi rais wa Honda wa wakati huo, Takanobu Ito, akapunguziwa mshahara pamoja na wakubwa wenzake. Kwa hivyo usiijaribu kwenye barabara tupu. Iingize foleni, kwenda na kusimama, injini ikishapata moto. Ikisita au ikishtuka inapoondoka, mrudishie mtu funguo zake.

Mzee_wa_Makupa
Kaka ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kisichostahili. Kampuni kuita magari yake ni kusema hadharani "tumekosea, leteni tutengeneze bure". Wa kuogopwa ni anayejua akanyamaza. Tazama General Motors ya Marekani: swichi ya kuwashia ilikuwa ikijizima gari ikiwa mwendoni na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria, zisifunguke. Ndani ya kampuni kuna waliojua miaka, magari yakaja kuitwa 2014. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Na hiyo Toyota ya kaka yako iliita mamilioni 2009 na 2010, rais wake wa wakati huo, Akio Toyoda, akaenda kuhojiwa na Bunge la Marekani. Mbona 2012 ilikuwa ishaongoza tena mauzo duniani?

DerevaMariakani
Mzee umenena. Ongeza Mitsubishi: mwaka 2000 walikiri kwamba walikuwa wakificha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Halafu 2002 gurudumu la lori lao likachomoka kule Yokohama, likaua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kwao jina lilichafuka. Huku kwetu je? Fuso, lori lao, ndiyo hiyo, kutoka Changamwe hadi juu huko. Sisi hatuulizi Tokyo wamesema nini, twauliza speapati zipo na fundi anaijua.

BintiKisauni
Kumbe. Nimemsomea kaka, anasema atajibu mwenyewe.

KakaMtu
Ndiye mimi. Sikatai mliyosema, lakini dada yangu hanunui historia ya Wajapani, ananunua gari ya kubeba watoto. Passo haina maneno.

Mzee_wa_Makupa
Passo iliundwa na Daihatsu, bwana. Toyota ni nembo tu. Na Daihatsu hao hao Desemba 2023 walisimamisha kupeleka magari yao yote sokoni, baada ya uchunguzi kukuta udanganyifu wa majaribio ya usalama katika modeli 64, nyingine zikiuzwa kwa jina la Toyota. Tafuta sababu nyingine 😄

KliaKilindini
Mwabishana majina, na gari yenyewe hamjaiangalia. Barua ya kuitwa ilikwenda kwa mwenye gari wa wakati huo, kule Japani. Alipeleka au hakupeleka? Hilo ndilo la kujua.

Mimi ningeanza na eabegi. Za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiunda eabegi, zilitumia nitrati ya amoni, na kemikali hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi; eabegi ikifunguka, kopo lake lapasuka na kurusha vyuma usoni. Joto na unyevu, yaani Mombasa yetu hii. Marekani pekee wamekufa zaidi ya 25, na Takata ikaomba kinga ya mufilisi Juni 2017. Sisemi Fit hiyo inazo, maana kampuni nyingi zilizitumia. Nasema angalia. Na cheti cha ukaguzi kilichokuja na gari usikifanye ushahidi kwamba chochote kilibadilishwa.

BintiKisauni
Naangaliaje? Nimejaribu tovuti ya Wamarekani, inataka namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Hii ya kwangu ni fupi, inaanza GP5.

KliaKilindini
Hiyo ya Marekani haitakusaidia, gari za soko la Japani hazina namba ndefu. Ingia tovuti ya Honda ya Japani, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa, andika namba ya chesisi kama ilivyo kwenye logibuku, na simu ikutafsirie ukurasa. Itakuonyesha kazi iliyofanywa na iliyobaki. Fungua pia mlango wa dereva, tazama karibu na pale unapofungia: gari nyingi zilizoitwa zikarekebishwa hubandikwa kikaratasi chenye namba. Kisipokuwepo usihukumu, huenda kimebanduka.

FundiBondeni
Ikibaki kazi ya giaboksi, waulize wawakilishi wa Honda hapa nchini kama wataifanya na kwa bei gani, kabla hujalipa hata amana. Na muuzaji yeyote akikataa kukupa namba ya chesisi, achana naye.

KakaMtu
Namba nitumie mimi niangalie. Na ya Passo pia nitaiangalia.