Pesa za korti ya Arusha na ardhi ya Mau: tugawane ama ikae ya jamii?

mjukuu_wa_mizinga
Hamjambo wadau. Mimi kwa mama ni Ogiek, ile jamii ya wawindaji wa msituni, nyumbani ni msitu wa Mau lakini niko Nakuru natafuta. Juzi kwa matanga ikazuka zogo hadi mjomba mmoja akaamka akaenda zake bila kuaga. Ishu ni ile korti ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha, 2017 ilisema serikali ilikosea kututoa msituni, alafu Juni 2022 ikaongeza fidia, shilingi milioni 57.85 za mali na milioni 100 za mateso, na ardhi tupewe taito. Wazee wanasema pesa ni ya jamii na taito ni ya wote pamoja. Mabinamu wanataka kila mtu apewe chake, keshi yake na ekari zake, wanasema wamechoka kungoja. Mi nilinyamaza tu. Kisheria iko aje?

loya_wa_mtaani
Pole kwa msiba. Ya pesa korti ilishamaliza, ilisema fidia yote iingie kwa mfuko wa maendeleo wa jamii, hakuna ya kutumwa kwa Mpesa ya mtu. Na hata ingegawanywa, kwa kesi jamii ilisemekana ni watu kama 20,000, piga hesabu, mtu anabaki na kama 7,900. Hiyo inaisha kabla matanga mengine.

Ardhi pia korti ilisema ni umiliki wa pamoja, ipimwe na iandikwe ndani ya miaka miwili. Katiba kifungu cha 63 inataja ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji kuwa ya jamii, lakini kifungu cha 62 inaweka misitu ya serikali kwa ardhi ya umma, hapo ndio mvutano uko. Miaka miwili imeshapita, na Novemba 2023 watu walibomolewa nyumba Sasimwani na hukumu iko mezani. Mnagombania ngozi na swara bado anakimbia.

olkejuado_boy
Skiza jirani, sisi huku Kajiado tulikuwa na ranchi za kikundi, ardhi ya wote pamoja, zile za sheria ya 1968. Baadaye watu wakasema hivyo hivyo, kila mtu apewe chake. Mzee wangu akapata kipande chake, akauza kidogo ya karo, kidogo ya hospitali, kidogo ya pikipiki ya brathe (iliibiwa mwezi wa pili). Saa hii nikipita pale kuna ukuta na mbwa wa mtu simjui, na ng'ombe wetu wanazunguka barabarani. Waambie mabinamu waje Kajiado waone.

cheptoo_72
Olkejuado nakuelewa, lakini mbona watu walitaka kugawa? Si ni kwa sababu viongozi wa kikundi walikuwa wanajikatia vipande vikubwa. Sasa huo mfuko wa jamii utashikwa na nani, wanaume sita wanaokutana hotelini? Na mnaongea hapa kama akina mama hawako. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kamati ni watu 7 hadi 15 wanachaguliwa na mkutano wa watu wazima wote, na ardhi haiuzwi bila theluthi mbili ya walioandikishwa kukubali. Kama hujaandikishwa basi wewe huhesabiwi, unasikia tu imeuzwa. Kijana wangu, achana na za mjomba, uliza kwanza jina la mama yako liko kwa rejista.

loya_wa_mtaani
Cheptoo amesema. Na msidhani hukumu ndio mwisho, jamii ya Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda kesi yao ya ardhi kwa Tume ya Afrika ya haki za binadamu, uamuzi ukatangazwa 2010, watu wakacheza ngoma, taito bado wanaingoja.

mjukuu_wa_mizinga
Asanteni sana, shikamoo mama Cheptoo. Nimempigia mamangu saa hii nikamuuliza kama ameandikishwa, ananiuliza rejista gani, ile ya kanisa? Jumamosi napanda matatu niende huko mwenyewe.