MJADALA: Spika za Wi-Fi zilazimishwe kisheria kupokea muziki kutoka programu yoyote?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja nikiwa na msimamo tayari: spika yoyote inayouzwa kwa jina la spika ya Wi-Fi ilazimishwe na sheria kupokea muziki kutoka programu yoyote iliyomo kwenye mtandao wa nyumba, bila kupitia seva ya mtengenezaji, yaani kompyuta zake za mtandaoni. Anayepinga anakaribishwa, ila aje na sababu.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: ukinunua spika ya Wi-Fi umenunua na itifaki yake, yaani lugha ambayo programu na spika hutumia kupeana muziki. Apple wana AirPlay, iliyoanza mwaka 2004 ikiitwa AirTunes kwenye kifaa cha AirPort Express. Google wana Cast tangu 2013. Sonos, kampuni ya spika, wana utaratibu wao. Spotify wana Connect, na hiyo inabeba muziki wa Spotify peke yake. Kulikuwa na jaribio la kuwa na kitu cha wote, yaani UPnP na DLNA, viwango vya kuwezesha vifaa vya kampuni tofauti kupeana muziki na video. Muungano wa DLNA uliundwa 2003, Sony na Intel wakiwa mstari wa mbele, ukavunjwa 2017. Viwango vyenyewe bado vimo kwenye televisheni na redio nyingi, lakini hakuna tena mwenye kuvisimamia kwa nguvu.

Anayeumia ni mwenye muziki wake mwenyewe. Mtu ana taarabu na dansi la zamani alilolitoa kwenye kanda na CD, limepangwa vizuri kwenye diski ya kompyuta. Akitumia VLC, programu ya kuchezea muziki na video, atarusha kwenye spika ya Cast, kwa kuwa VLC iliongezewa uwezo huo kwenye toleo la 3.0 mwaka 2018. Spika ikiwa ya AirPlay pekee na kompyuta yake ni ya Windows, njia rasmi ni programu za Apple wenyewe. Spika ikiwa ya UPnP, atahitaji programu nyingine tena. Nyimbo ni zilezile na Wi-Fi ni ileile.

Sasa tazameni kilichotokea Machi 2025. Chromecast za kizazi cha pili na Chromecast Audio, vifaa vya Google vya kupokea Cast vilivyotoka 2015, viligoma siku moja dunia nzima. Havikuharibika. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kidijitali cha miaka 10, muda wake ukaisha, na programu za simu zikaanza kuvikataa kana kwamba ni vifaa feki. Google walitoa sasisho baada ya siku kadhaa. Waliokuwa wamevirudisha kwenye hali ya kiwandani wakidhani ndiyo dawa, ndio waliokwama zaidi. Wi-Fi nzima, kikuza sauti kizima, spika nzima, na muziki hakuna, kwa sababu ya tarehe moja iliyoandikwa miaka 10 kabla.

Linganisheni na Squeezebox, vifaa vya kupigia muziki kupitia mtandao wa nyumba. Kampuni ya Slim Devices ilizitengeneza, Logitech wakainunua 2006, wakaacha kuziuza 2012, na 2024 wakafunga hata tovuti iliyokuwa ikizihudumia. Squeezebox bado zinapiga. Seva yake ilikuwa programu huria tangu mwanzo, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, wapenzi wake wameendelea kuitunza, na leo inaitwa Lyrion Music Server. Unaiweka kwenye kompyuta yako, unaielekeza kwenye folda ya nyimbo, basi. Mtengenezaji ameondoka na mwenye nyumba hajapoteza kitu. Hicho ndicho ninachotaka kiwe haki ya kila mnunuzi.

Fundi Mitambo

Mkuu, nakuelewa, lakini kuna jambo umeliruka. Itifaki za wenyewe hazikuzaliwa kwa ubaya tu. Ukitaka sebule na jikoni zipige wimbo mmoja kwa pamoja, spika lazima zikubaliane saa. Zikipishana hata sehemu ndogo ya sekunde, ukisimama kwenye korido unasikia mwimbaji anajirudia. UPnP ilivyo kwenye vifaa vingi madukani haina utaratibu wa kuaminika wa kulinganisha saa za spika. AirPlay ya kwanza ilitatua kwa kuhifadhi sauti kama sekunde mbili kabla ya kuipiga, ndiyo maana ukibonyeza pozi inachelewa kutii. Sonos walijenga kampuni nzima juu ya tatizo hili moja.

Sheria ikisema kila spika itumie kiwango cha wote, watengenezaji watatimiza kiwango na kuishia hapo. Tutapata spika zinazofanana kwa udhaifu.

Mleta mada

Sijasema waache itifaki zao, Fundi. Nasema waongeze mlango mmoja usio na ufunguo wa kampuni. Na hilo la kulinganisha saa si siri ya Sonos tena. Snapcast ni programu huria, inalinganisha vyumba, na inakaa kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, bila shida. Kinachotuzuia ni hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Sonos waliwashtaki Google Januari 2020, na Januari 2022 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikasema Google wamekiuka hataza 5. Matokeo yake, watu waliokwisha kulipia spika za Google waliondolewa uwezo wa kupandisha na kushusha sauti ya kundi zima kwa mara moja. Kampuni mbili zimegombana, aliyenyang'anywa ni mteja.

Ruta Mbili

Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao majumbani, na naomba niseme kitu ambacho hakitawafurahisha wa upande wowote. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "spika haionekani" haihusiani na itifaki kabisa.

Spika ikiwaka lazima ijitangaze ili programu iione. UPnP inaita kwenye anwani 239.255.255.250, poti namba 1900. AirPlay na Cast zinaita kwenye 224.0.0.251, poti namba 5353. Wito huo unaishia ndani ya mtandao mmoja, hauvuki ruta. Nenda sasa nyumba nyingi za mjini: kuna ruta ya kampuni ya simu sebuleni, halafu mtu kanunua ruta ya pili akaiweka chumbani ili Wi-Fi ifike. Ile ya pili imeanzisha mtandao wake. Simu ipo 192.168.0, spika ipo 192.168.1. Intaneti inapatikana kote, kwa hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kushuku ruta. Analaumu spika.

Kabla ya kumwita fundi, fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu uangalie anwani ya IP, kisha uangalie ya spika kwenye programu yake au kwenye orodha ya ruta. Kwa nyumba za kawaida, namba tatu za mwanzo zikipishana, tatizo umelipata: ile ruta ya pili igeuzwe iwe kituo cha Wi-Fi tu, isigawe anwani. Zikifanana na bado haionekani, angalia kama simu iko kwenye Wi-Fi ya wageni, au ruta ina mpangilio wa kutenganisha vifaa. Mipangilio hiyo inazuia vifaa visionane kwa makusudi.

Kwa hiyo Mleta mada, sheria yako isipogusa ruta, spika yenye milango yote bado itakaa kimya.

Dada wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mnazungumza kana kwamba intaneti haikatiki. Ndugu zangu, jambo la bando mmelisahau.

AirPlay na Cast hazifanyi kazi sawa. Ukirusha kwa AirPlay kutoka kwenye simu, mara nyingi sauti inapita kwenye simu yako yenyewe. Kwa Cast, simu inaipa spika anwani tu, na spika ndiyo inayokwenda kuvuta wimbo. Kwa nyimbo za mtandaoni ni vizuri, betri ya simu inapona. Lakini hata kile kipokezi, yaani programu ya kupokea muziki ndani ya spika, kwa kawaida kinapakuliwa kutoka seva za Google kwanza. Bando likiisha, nyimbo zangu zimo kwenye kompyuta hatua chache kutoka kwenye spika, na spika haina habari. Kwetu wengi wanahifadhi muziki kwenye flashi na diski hasa kwa sababu bando si la kudumu. Mimi namuunga mkono Mleta mada kwa sababu hiyo moja, hata zile nyingine zikianguka.

Mlinzi

Napinga, na sababu yangu ni usalama. UPnP haina nenosiri. Kifaa chochote kwenye mtandao kinaweza kutoa amri, na mwaka 2020 ulipatikana udhaifu mkubwa ulioitwa CallStranger uliogusa vifaa vingi mno vya UPnP. Mwanzoni mwa 2019 watu walivamia maelfu ya Chromecast duniani na kurusha video wanazotaka wao, kwa sababu ruta zilikuwa zimeviacha wazi kwa nje. Mnataka sheria ilazimishe mlango usio na kufuli kwenye kila nyumba?

Mleta mada

Hoja nzito hiyo, na nairekebisha kauli yangu: mlango uwe na nenosiri analoliweka mwenye nyumba. Ila usitueleze kwamba kilichofungwa ndicho salama. Aprili 2025 watafiti wa Oligo Security walitangaza kasoro walizoziita AirBorne, ndani ya AirPlay yenyewe. Apple walitengeneza sasisho kwa vifaa vyao. Spika za kampuni nyingine zilizonunua leseni ya AirPlay zinasubiri kampuni zao, na nyingine hazitasasishwa milele. Ingekuwa programu huria, hata fundi wa nje angeziba.

Muuza Spika

Nauza vifaa vya sauti Kariakoo, vipya na vya mtumba vinavyopitia Dubai. Mteja anashika boksi, anaona alama ya Wi-Fi, anauliza, "Hii itashika simu yangu?" Mara nyingine boksi halisemi chochote cha maana, na spika ya mtumba haina boksi kabisa. Akifika nyumbani ikagoma, anarudi kwangu.

Sheria ya kulazimisha teknolojia siioni ikifanya kazi kwetu. Kiwanda cha Shenzhen hakitabadilisha bodi kwa ajili ya soko letu. Aliye na ubavu huo ni Umoja wa Ulaya. Waliagiza simu ziwe na USB-C, agizo likaanza kutumika 28 Desemba 2024, na iPhone za USB-C zilishafika kwenye kaunta zetu kabla ya hapo bila sisi kutunga chochote. Machi 2025 Tume ya Ulaya imewaagiza Apple wafungue vipengele vya iPhone kwa vifaa vya kampuni nyingine, kurusha sauti na picha ikiwamo. Apple wamekwenda mahakamani. Tusubiri hiyo.

Sisi tudai lebo. Iandikwe kwa Kiswahili nje ya boksi: inapokea itifaki zipi, inapiga bila intaneti au haipigi, itasasishwa mpaka mwaka gani. Hilo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanaweza kulisimamia.

Fundi Mitambo

Na hata bila sheria mambo huwezekana. Pesa za simu Tanzania zilikuwa hivihivi, kila mtandao na wateja wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana kutumiana, Vodacom wakaingia 2016. Hakuna aliyeburuzwa na sheria.

Mleta mada

Ni kweli, lakini kampuni zile zilikuwa na leseni hapa nchini na Benki Kuu ilikuwa inazitazama. Mtengenezaji wa spika hana ofisi hapa wala mtu wa kumwita mezani. Na kila kampuni ya simu ilifaidika muamala ulipoongezeka. Kampuni ya spika inafaidika ukibaki umefungwa kwake, ununue ya pili na ya tatu za jina lilelile.

Lebo ya Muuza Spika naichukua, ni nzuri na inawezekana mwaka huu. Ila naongeza kitu kimoja kisheria: siku kampuni inapotangaza kuacha kuhudumia kifaa, ifungue itifaki na funguo zake, ili wengine waendelee kama ilivyokuwa kwa Squeezebox.

Fundi Mitambo

Hapo ndipo nakukatalia tena. Spika moja ina programu za watu watano ndani yake. Kampuni ya spika haiwezi kuachia msimbo wa AirPlay, si mali yake. Wala wa Spotify. Ukiwadai funguo watakujibu kwamba mkataba hauruhusu, na watakuwa wanasema kweli. Kampuni nyingine zinakufa kabisa, utamdai nani?

Ruta Mbili

Basi dai jepesi zaidi: waache wazi kufuli ya kuwasha kifaa, ile inayozuia spika kuwaka na programu isiyo ya kampuni. Wasitoe msimbo wowote, waruhusu tu mwenye spika aweke programu nyingine ndani yake, kama watu wanavyoweka Volumio au piCorePlayer kwenye Raspberry Pi. Kampuni ikifa leo, spika iliyouzwa ikiwa na uwezo huo tayari haimhitaji mtu.

Fundi Mitambo

Hilo nakubali, kwa sharti kwamba ufunguzi ufanywe kwa kitufe kilichopo kwenye spika yenyewe, usifanyike kwa mbali. Mlinzi, wewe unasemaje?

Mlinzi

Kitufe ndani ya kasha, si nje. Mtoto akikishika tu akafuta kila kitu, hapana. Kikiwa ndani na kinahitaji bisibisi, sina pingamizi. Ila mamlaka ya kukagua kama kitufe kweli kipo kabla mzigo haujatoka bandarini ni ipi? Muuza Spika alitaja TBS kwa lebo. Kufungua kasha ni kazi nyingine.