Karbamazepini na ARV kwa mgonjwa wa kifafa

Mwalo_Igombe: Wakuu, mvuvi wa dagaa anatumia karbamazepini, dawa ya kifafa, miligramu 200 asubuhi na jioni, haanguki tena. Sasa kaanzishiwa ARV (dawa za VVU) za kidonge kimoja chenye dolutegraviri. Zinapatana?

Mfamasia_Kirumba: Hazipatani hivyohivyo. Karbamazepini huchochea vimeng'enya vya ini, dolutegraviri ikavunjwa haraka na kiwango chake kikashuka kwenye damu. Virusi hupata mwanya wa kujenga usugu. Daktari huongeza dolutegraviri iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku: kile kidonge cha pamoja, kisha baada ya saa 12 cha dolutegraviri peke yake. Au anamhamishia levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa isiyogusa vimeng'enya hivyo. Fenobabitoni na fenitoini, nazo za kifafa? Huchochea vimeng'enya vilevile. Kuruka majivu, kukanyaga moto.

Mwalo_Igombe: Valproeti je?

Mfamasia_Kirumba: Kwa mwanamume inafikirika. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, iepukwe. Huharibu mtoto tumboni.

Muuguzi_Nyamagana: Asiache karbamazepini ghafla, anaweza kuanguka mfululizo. Na huyo bado anakesha na karabai ziwani? Kukosa usingizi pekee kunatosha kuamsha kifafa, na majini hakuna wa kumlaza ubavu. Abaki nchi kavu, kwenye vichanja. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, hospitali.